Goti Lisilokunjika na Sala ya Kitini

Sala tano za faradhi zina rakaa 17 kwa siku, na kila rakaa ina sijda mbili. Goti basi hukunjwa mpaka mwisho mara 34, na kuuinua mwili kutoka mswalani ni kazi yake pia. Kijana hahisi kitu. Kwa mama wa miaka 60 aliyechakaa magoti, kila adhana huja na swali ambalo daktari peke yake halimalizi: je, ibada ya mwili usioweza kuinama imepungua?

Kinachochakaa ni gegedu, tabaka laini na telezi linalofunika ncha za mifupa zinapokutana. Halina mishipa ya damu. Chakula chake hutoka kwenye ute wa kiungo, unaoingia na kutoka kama maji kwenye sifongo kila kiungo kinapobanwa na kuachiwa. Gegedu likikonda, mfupa huota vinundu pembeni, goti huvimba, na asubuhi hukakamaa kwa muda, aghalabu usiozidi dakika 30. Wengi huita hali hii baridi yabisi, jina linalokusanya maradhi mengi na kuisingizia hewa ya alfajiri.

Sahaba Imran bin Huswain, aliyeugua bawasiri, alimuuliza Mtume jinsi ya kusali. Akaelekezwa asimame, akishindwa, aketi, akishindwa, alale ubavu. Ngazi hii watu huishuka haraka mno: anayeumwa goti huvuta kiti, akakaa tangu takbiri ya kwanza hadi salamu. Kwa Mashafii, ambao ndio wengi katika pwani ya Afrika Mashariki, udhuru hupimwa nguzo kwa nguzo. Asiyeweza kusujudu lakini miguu inamhimili husoma Fatiha wima, hurukuu akiweza, kisha huketi na kuashiria sijda kwa kuinamisha kichwa. Wahanafi huona kwamba aliyeshindwa na sijda halazimiki tena kusimama, kwa kuwa kisimamo kwao ni njia ya kuifikia sijda. Kwa Mashafii kisimamo ni ibada inayojitegemea.

Lakini kushindwa ni nini hasa? Imamu al-Juwayni, aliyefariki mwaka 1085, aliweka kipimo cha mashaka yanayoondoa khushui, yaani utulivu wa moyo katika sala. Ni kipimo cha ndani, na mgonjwa mwenyewe ndiye shahidi. Madaktari nao wanajua hivyo: picha ya eksirei na maumivu mara nyingi haviendi pamoja, goti baya kwenye picha laweza kumsumbua mtu kidogo tu. Na maumivu hupanda na kushuka, kwa hiyo aliyesali kitini Ijumaa huenda Jumatatu akawa hana udhuru huo. Ama thawabu, nusu ya fungu ni ya mzima anayeketi katika sala ya sunna kwa hiari. Mgonjwa huandikiwa yale aliyokuwa akiyafanya akiwa na afya.

Kusimama kuna faida hata kwa goti lenyewe. Kukaa mfululizo hulegeza misuli ya paja, ambayo ndiyo mhimili wake, na kulinyima gegedu ule ute. Ndiyo maana tiba huanza na kutembea, mazoezi ya kunyoosha goti na kupunguza uzito: kila kilo inayopungua huliondolea goti mzigo wa kilo nne hivi kwa kila hatua. Diklofenaki ya kupaka hutuliza. Vidonge vyake huweza kuumiza tumbo na figo, na mwenye presha asivinunue kiholela. Goti lililokwisha hubadilishwa kwa upasuaji. Wengi baada ya hapo hutembea vizuri, ila kupiga magoti huwa shida, nao hubaki na kiti.

Mahali pa kiti katika safu pia pana utaratibu. Anayeketi sala nzima hulinganisha miguu ya nyuma ya kiti na visigino vya wenzake. Anayesimama hulinganisha visigino vyake mwenyewe, kiti kikarudi nyuma, na aliye safu ya pili hana budi kumwachia nafasi.