Ukuta wa Simbamweni na Maji ya Dakawa

Wapo wanaodhani mtu akitaka kuona ngome katika nchi yetu ni lazima aende Kilwa, Bagamoyo au Zanzibar. Morogoro nako ngome ilikuwepo, tena kubwa, na haikuvunjwa na jeshi. Anayepanga kwenda likizo katika mabonde ya Ngerengere na Wami kutazama mambo ya kale aijue kwanza habari ya ngome hiyo, kwa sababu inaweza kumwokoa.

Katikati ya karne ya 19, Kisabengo, mtawala mwenye asili ya Kizigua aliyeogopwa kwa uvamizi na utekaji wa watu, alijenga mji chini ya milima ya Uluguru, kando ya mto Ngerengere. Mji huo uliitwa Simbamweni. Henry Morton Stanley alipita hapo mwaka 1871, safarini kumtafuta David Livingstone. Wakati huo Kisabengo alikuwa amekwisha kufa na mji umeshikwa na binti yake. Stanley aliusifu sana. Aliandika kuwa una eneo la karibu nusu maili mraba, mnara wa mawe katika kila pembe na lango katikati ya kila upande, na kwamba milango ilikuwa ya mbao ngumu iliyochongwa nakshi za Kiarabu. Wakazi wake aliwakadiria kwa maelfu. Ukuta wa namna hiyo hujengwa na mtu mwenye maadui, na Kisabengo alikuwa nao wengi.

Mwaka uliofuata, masika ya 1872, Stanley alirudi kwa njia ileile. Akakuta Ngerengere umeusomba ukuta wote wa mbele pamoja na nyumba kama 50, na vijiji vya Waluguru milimani navyo vimeharibiwa vibaya. Hakuna adui aliyeshambulia. Mvua ilinyesha milimani, maji yakashuka. Kilele cha Lupanga cha Uluguru kinapita mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, na mji wa Morogoro uko kama mita 500 tu. Maji yanayoporomoka kimo hicho chote katika mwendo mfupi hayamwachii mtu nafasi ya kufikiri mara mbili. Kisabengo alijikinga na watu wa pande zote nne, lakini mto uliokuwa ukimnywesha kila siku hakuuhesabu.

Sasa tuchukue kisa cha mfano. Wahusika wake siwapi majina, kwa kuwa masika yoyote wanaweza kuwa mimi, wewe au watoto wetu.

Vijana wanne, kaka na dada yake pamoja na marafiki wawili, walitoka Dar es Salaam wakati wa likizo ya Pasaka. Kaka ndiye mwenye gari, tena gari la juu, magurudumu yote manne yanavuta. Nia yao ilikuwa njema: badala ya kwenda kucheza muziki ufukweni, waliamua kuijua historia ya nchi yao. Asubuhi walifika Mazimbu, kwenye lililokuwa shamba la mkonge, ambako Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa chama cha ANC cha Afrika Kusini ardhi ya kujenga shule. Shule ile ilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Walisimama kimya makaburini, mbele ya majina ya watu waliokufa kabla ya kuiona Afrika Kusini huru. Mwenyeji wao akawasimulia pia habari za Simbamweni na mafuriko ya 1872. Dada aliyaandika yote kwenye daftari. Kaka alisema hadithi ni tamu, ila akasikitika kwamba hakuna ukuta uliobaki wa kupigia picha.

Mchana wakashika barabara ya Dodoma mpaka Dakawa. Hapo wakasimama kwenye mnara wa kumbukumbu ya Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari eneo hilo tarehe 12 Aprili 1984, akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam, akiwa na umri wa miaka 45. Baada ya hapo wakataka kuona majengo ya ANC ya Dakawa, kituo kilichoanza mwaka 1982 na kurudishwa kwa Tanzania, pamoja na Mazimbu, mwaka 1992. Walipomaliza, jua lingali juu, wakaamua kuifuata njia ya mashambani, katikati ya majaruba ya mpunga, wauone mto Wami kwa karibu.

Njiani kuna korongo lenye drifti, yaani kivuko cha zege. Walipokwenda, maji yalifika kwenye kifundo cha mguu, wakavuka wakicheka. Wakauona Wami na viboko wake. Waliporudi korongoni saa kumi na moja kasoro, mvua haijawadondokea hata tone, waliyakuta maji ni mengine. Rangi imegeuka kuwa nyekundu ya udongo, juu yake pamejaa povu, majani na vijiti vinavyokwenda mbio, na zege haionekani.

Pembeni alikuwapo mvulana wa miaka kumi na kitu, kombeo mkononi na vidonge vya udongo mfukoni. Kazi yake ni kuwinga ndege, kwa sababu mpunga ukianza kukaza punje, kwelea kwelea wakiachiwa asubuhi moja tu humaliza jasho la msimu mzima. Aliwaamkia, akaitikiwa.

"Kaka, msivuke sasa hivi," akasema. "Kimenyesha huko milimani."

"Huku jua linawaka, mdogo wangu."

"Haya si maji ya huku. Nilichomeka kijiti pale ukingoni nilipokuja kukaa. Sasa hivi hakionekani. Subirini kidogo, yatapungua."

Dada alishuka, akapatazama pale alipooneshwa, akamwambia kaka yake wasubiri. Rafiki mmoja akakumbusha kwamba usiku unaingia na kesho kuna kazi. Kaka akaitazama saa, akalitazama gari lake, akamjibu dada yake, "Panda, hili gari limepita pabaya zaidi ya hapa." Dada akapanda.

Walifika katikati. Maji yalipogusa milango, usukani ukawa mwepesi. Gari halikuzama, lilielea, likasukumwa upande, na gurudumu la nyuma likatoka nje ya zege mahali ambapo maji yalikuwa yamekwisha kula ukingo. Kaka na mmoja wa marafiki walitoka dirishani, wakadaka matawi ya mkuyu. Rafiki wa pili alivutwa na wakulima walioitwa na yule mvulana, wakaja mbio na kamba ya kufungia ng'ombe. Dada hakupatikana jioni ile. Alipatikana asubuhi, maji yalipokuwa yamerudi kwenye kifundo cha mguu.

Aliyeamua alipona, aliyeonya na kutii ndiye aliyezikwa. Funzo la kwanza ni hili: anayeshika usukani ameshika roho za watu. Abiria akisema "tusubiri", ombi lake lizidi ratiba na fahari ya gari. Na wewe abiria, kama dereva hasikii, shuka. Usione haya kubaki ukingoni. Ndugu yako akikukasirikia leo, kesho mtapatana.

Funzo la pili ni kuyajua maji yanatoka wapi. Anga ya Dakawa haitoshi kukueleza habari za mito ya Dakawa. Mkondoa huleta maji kutoka upande wa Mpwapwa, ukapita Kilosa, na mwisho wake ni Wami. Mito na makorongo mengine hushuka kutoka milima ya Ukaguru na Nguru. Mvua inaweza kunyesha huko wewe huku unatafuta kivuli. Wakati wa masika, yaani Machi hadi Mei, na hata mvua za vuli zinapokuwa kubwa, lihesabu kila korongo kuwa ni mto uliokwenda matembezi na utakaorudi.

Mwenye kudhani haya ni ya wageni tu akumbuke yaliyoipata nchi yenyewe. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, mafuriko ya Kilosa yaliwahamisha watu kwenye makazi yao na kukata njia ya Reli ya Kati. Januari 2014, maji yaliharibu daraja la eneo la Magole, Dumila, na barabara kuu ya kwenda Dodoma ikafungwa. Reli na daraja vya uzito ule vikishindwa, gari la familia litaweza nini?

Funzo la tatu ni la vipimo. Maji yaendayo kasi, yakifika sentimita 30 tu, yanaweza kuliyumbisha na kulielesha gari dogo. Yakifika 60 husomba magari mengi, hata yale makubwa tunayoyaamini. Kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, nguvu yake ya kusukuma huongezeka mara nne. Tena kina unachokikadiria kwa macho hakikuambii kama chini bado kuna zege au pameshachimbika. Kwa hiyo usiingie usipopaona chini, na usiku usijaribu kabisa. Ukiona maji yamebadilika rangi, yamebeba povu na vijiti, au yanavuma tofauti na ulivyoyaacha, rudi nyuma upande juu. Mara nyingi korongo hupungua kwa saa chache. Beba chakula, maji ya kunywa na shuka, ili kulala njiani kusiwe jambo la kukutisha ukakimbilia hatari. Mwenye nafasi ya kuchagua, na afanye ziara zake kuanzia Juni hadi Septemba, mpunga ukivunwa na njia zikiwa kavu.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwenye kivuko, mkuu ni yule anayeyajua maji, awe mzee wa kijiji, mama mchota maji au mtoto mwinga ndege. Elimu ya kijana wa mjini na bei ya gari lake hazimpi ukubwa mahali hapo. Kijiti kilichochomekwa ukingoni kilikuwa kipimo sahihi kuliko yote waliyokuwa nayo wasafiri wale, na kilitolewa bure.

Lakini funzo kubwa liko katika namna tunavyoitazama historia. Vijana wale asubuhi walielezwa jinsi mto ulivyouondoa ukuta wa mbele wa ngome. Waliipokea kama hadithi ya watu wa kale, wakaihesabu kuwa pungufu kwa sababu haikuwa na gofu la kupigia picha. Kumbe kule kutokuwepo kwa ukuta ndiyo habari yenyewe. Mahali pa kale panatufundisha nani alijenga, na panatufundisha pia kwa nini alichojenga hakipo. Mgeni akichukua la kwanza akaliacha la pili, amelipa kiingilio akaondoka mikono mitupu.

Basi walimu mnaopeleka wanafunzi Mazimbu na Dakawa, wazazi mnaopanga likizo ya Pasaka, nanyi vijana mnaochangishana mafuta: nendeni. Mashujaa wale wanastahili kutembelewa, na nchi hii inastahili kujulikana na wenyewe. Simulieni habari ya Kisabengo mkiwa bado njiani, kabla ya kufika mtoni, mkubaliane mapema kwamba yeyote ndani ya gari akisema tusubiri, gari litasimama. Makubaliano hayo hayana gharama, na dada yule angekuwa hai kama yangekuwepo.