Rahisi kwa Nani?

Kuna swali linaloniandama tangu mwezi wa Aprili, na kwa kuwa halitaki kuniacha, nimeona nililete hapa tulitafune pamoja. Swali lenyewe ni hili: mtu akikubali bei, je, bei hiyo huwa ya haki kwa sababu tu amekubali?

Lilianzia mtoni. Tulikuwa watu watano kutoka Nairobi, wanafunzi watupu, tumeazima gari la mjomba wa mmoja wetu kwenda Nanyuki na kurudi. Kila mmoja alichanga shilingi 1,500. Mfuko wa pamoja nilipewa mimi, kwa sababu, walisema wenzangu, mkono wangu ni mgumu. Nilifurahi. Kwa kina sisi hiyo ni sifa. Tulibeba mahindi ya kuchemsha na mikate miwili, tukapanga kulala garini, na hoteli tukaziona kwa nje tu.

Sagana iko kilomita mia moja hivi kutoka Nairobi kwa njia ya Thika. Hapo mto Tana, wenye maji ya Nyandarua na Mlima Kenya, hupita kwa fujo kwenye mawe kabla ya kwenda kutulia katika bwawa la Masinga. Wako watu wanaoteremsha wageni kwa maboti ya mpira, kofia ngumu kichwani na jaketi la kuelea kifuani. Tuliuliza bei. Tukatazamana, tukarudi garini.

"Si tutafute tyubu?" mmoja akasema.

Tyubu za lori tulizipata kwa fundi wa pancha kando ya barabara. Alitaka mia mbili kwa kila moja. Nikamshusha hadi mia. Alitaka pia tuache amana. Nikakataa, nikasema sisi si wezi. Hapo akainuka kijana wa miaka kama kumi na sita aliyekuwa amekaa kwenye rundo la matairi.

"Mzee, nitaenda nao. Nitazirudisha mimi." Akanigeukia. "Mia tano, bosi. Mto huu naujua."

Nikamwambia mia mbili. Akasema mia nne. Nikajifanya naondoka. Akakubali mia mbili. Ndugu msomaji, wacha nikiri: nilijiona bingwa.

Mvua za masika zilikuwa zimeanza na maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Tulikalia tyubu zetu, makalio majini, miguu juu, tukipiga mayowe. Kijana hakuwa na tyubu. Zilikuwa tano, nasi watano. Alitangulia, mara akiogelea, mara akirukaruka juu ya mawe, akitupigia kelele: kulia! kushoto! inua miguu! Penye kona moja mwenzetu alivutwa na mkondo akanasa kwenye matawi ya mti ulioangukia majini. Tyubu ikamponyoka. Sisi wengine tulipita tukimtazama. Tyubu haina breki, bwana. Kijana alijitupa, akamshika mkono, akamvuta hadi ukingoni. Alipotoka goti lake lilikuwa likichuruzika damu. Akacheka, akarudi majini kuifuata tyubu.

Tulipokuwa tukizipandisha barabarani, ile ya mwenzetu niliibeba mimi. Nikasikia: sss. Ilikuwa imetoboka. Nikamtazama kijana. Naye alikuwa amesikia.

"Sawa tu, bosi," akasema polepole. "Nitaongea na mzee."

Nikamhesabia mia mbili zake. Tukaondoka.

Pale Karatina nilitangaza kwamba nimetuokolea shilingi 800: mia tano za tyubu, mia tatu za kijana. Tukale nyama choma! Yule aliyevutwa na maji hakushuka garini. Alisema, "Hizo mia tatu tumeokoa, au ametulipia yeye?"

Ndipo yalipozuka mabishano yaliyotufikisha hadi Nanyuki. Mwenzetu anayesomea sheria alisema kijana alikubali mwenyewe, hakuna aliyemshikia panga. Tena tusingekuja angepata nini? Sufuri. Mia mbili ni nyingi kuliko sufuri.

Hesabu hiyo ni sahihi, na ndiyo inayonitia hofu. Chukua mtu anayezama. Unasimama ukingoni na kamba mkononi, unamwambia: nitakurushia ukinipa shamba lako. Atakubali, tena kwa shukrani. Usingepita njia hiyo angekufa. Kwa hesabu ya yule mwanasheria wetu, wewe ni mfadhili. Lakini hakuna mzee hata mmoja, mjini wala kijijini, atakayekuita hivyo. Kwa hiyo lazima kuwe na kitu kingine katika haki zaidi ya neno "sawa".

Mwingine alisema sisi pia ni maskini. Hapa nilikaa muda mrefu, maana ni kweli. Tulilala garini, na tulikula mahindi baridi. Lakini mahindi yale tuliyala sisi. Hoteli tulijinyima sisi. Huko ndiko kubana matumizi, na sioni haya nako. Za kijana ni habari nyingine: pale nilibana matumizi yake yeye, halafu nikajisifu kana kwamba nimejinyima mimi. Bajeti yetu ilikuwa ya starehe. Yake, nadhani, ilikuwa ya unga. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye nusu shibe, kumbe, hamjui vilevile.

Sisemi watu wasipatane bei. Makanga nitazozana naye kesho asubuhi, kwa sababu anaweza kuniacha stendi na gari likajaa bila mimi. Yeye ana njia ya kukataa. Kijana hakuwa nayo, nami nilijua. Kule kujifanya naondoka kulifaulu kwa sababu hiyo tu.

Tyubu yenyewe ina historia ya namna hii. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop alisajili uvumbuzi wake wa tairi la upepo. Baiskeli zikapendwa Ulaya na mpira ukatafutwa kila pembe. Mwingine ulitoka Kongo, iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji kuanzia 1885 hadi 1908, ambako wanakijiji walilazimishwa kugema mpira msituni. Wake zao walishikwa mateka, na wako waliokatwa mikono. Aliyepanda baiskeli bustanini siku ya Jumapili hakumkata mtu mkono. Alilipa bei ya dukani, basi. Sisemi mia tatu zangu ni sawa na mkono wa mtu. Hiyo ingekuwa dharau kwa waliokatwa. Nasema tu kwamba kitu rahisi kina tabia ya kumficha aliyekilipia.

Wangu hakufichika. Nilisikia sss kwa sikio langu, na mfuko ulikuwa mkononi mwangu.

Mwezi wa Agosti nilirudi Sagana kwa matatu, peke yangu, na mia tano nimeikunja katika mfuko wa shati. Fundi alinikumbuka.

"Yule kijana? Ameenda Mwea kutafuta vibarua kwenye mpunga."

"Na ile tyubu, mzee?"

"Ilizibwa. Alilipa yeye, mia na hamsini, siku ileile."

Kwa hiyo alikwenda nyumbani na hamsini, na goti lake. Nilimwachia fundi zile mia tano ampe akirudi, nikavuka barabara kungoja gari. Ndugu msomaji, wewe ungesema bei ile ilikuwa ya haki? Alikubali, kumbuka.