Papo kwa Papo Kamba Hukata Jiwe

Methali hii inatupeleka kisimani. Kisima cha kale hujengewa ukingo wa mawe, na mteka maji hushusha ndoo yake kwa kamba inayopita juu ya ukingo huo. Kamba ni laini. Hata mtoto anaweza kuzifumua nyuzi zake kwa vidole. Jiwe ni gumu. Jembe likiligonga hupata pengo. Lakini kamba ikipita palepale asubuhi na jioni, mwaka baada ya mwaka, jiwe huchimbika mfereji. Hakuna aliyeiona siku lilipokatika, kwa kuwa halikukatika kwa siku moja.

Maana inayojulikana na wengi ni kwamba jitihada isiyokoma hushinda ugumu. Ni maana sahihi, na walimu wameitumia kuwatia moyo wanafunzi vizazi na vizazi. Hata hivyo, methali hii ina kina zaidi ya hapo. Mtu aliyekwenda kisimani hakwenda kukata jiwe. Alifuata maji, kwa sababu nyumbani kulikuwa na watoto wenye kiu, mifugo, na chungu kinachosubiri jikoni. Mfereji ulijichimba wenyewe alipokuwa akitimiza wajibu wake wa kila siku. Kwa Mkristo, hapa ndipo penye siri ya kukua. Tabia njema haiji kwa kuikodolea macho nafsi yako na kujiuliza kila jioni umekuwa mkubwa kiasi gani. Huja kwa kuwatumikia wengine palepale ulipowekwa, hadi utumishi wenyewe ukuumbe upya.

Maandiko yana mfano mzuri wa jambo hili. Katika Mwanzo 24, mtumishi wa Abrahamu anafika kisimani jioni akiwa na ngamia 10, akimtafutia Isaka mchumba. Rebeka anakuja na mtungi begani kama ilivyokuwa desturi ya binti za mji ule. Mgeni anaomba maji ya kunywa. Binti anampa, kisha anajitolea kuwanywesha na ngamia wake wote. Ngamia mmoja mwenye kiu kali anaweza kunywa lita 100, kwa hiyo haikuwa kazi ya kupangusa jasho mara moja. Rebeka hakujua kwamba anatazamwa, wala kwamba jioni ile ingebadili maisha yake. Alitenda alivyozoea kutenda. Saa ya kupimwa ilipofika, ukarimu ulikuwa tayari mikononi mwake.

Musa naye alikaa Midiani miaka 40 akichunga kondoo wa mkwewe. Mtu aliyelelewa katika jumba la Farao angeweza kuihesabu miaka hiyo kuwa hasara. Lakini baadaye Mungu alimpa taifa zima alipitishe nyikani, na nyika ile haikuwa ngeni kwake. Alikwisha kujifunza kuwasubiri wanyonge, kutafuta maji na kuvumilia ukimya. Hata Bwana Yesu aliishi Nazareti, akijulikana kama seremala, akaanza kuhubiri akiwa na umri wa miaka kama 30. Ikiwa Mwana wa Mungu hakuidharau miaka ya karakana, sisi ni nani hata tuione kazi ndogo kuwa aibu?

Lugha yetu yenyewe inabeba ushahidi. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa Julai mwaka huohuo aliwazika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Aliendelea kukaa na wenyeji akiuliza maneno na kuyaandika, leo neno hili, kesho jingine. Sarufi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1850. Kamusi yake ilitoka mwaka 1882, naye alikuwa amekwisha kufariki mwaka uliotangulia. Mwenzake, Johannes Rebmann, alikuja mwaka 1846 akadumu hadi 1875, akarudi kwao akiwa amepofuka. Waumini aliowapata kwa muda wote huo walikuwa wachache sana. Kwa hesabu ya mtu mwenye haraka, hawa walishindwa. Lakini waliokuja nyuma yao walikuta msingi umewekwa, wakajenga juu yake. Mara nyingine jiwe hukatika baada ya mteka maji kuondoka.

Methali hii pia ni onyo. Kamba haichagui, itakata popote inapopitishwa. Uongo mdogo unaosemwa kila siku, sala inayoahirishwa kila usiku, shilingi chache zinazochotwa kwenye mfuko wa kikundi, vyote vinachimba. Mtu haamki asubuhi moja akawa mwizi. Alikuwa akijifunza wizi kwa muda mrefu bila kujiita mwanafunzi. Basi swali si kama maisha yako yanachimba mfereji. Yanachimba. Swali ni wapi.

Wapo watakaopinga kwa methali nyingine: ngoja ngoja huumiza matumbo, na chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Hakuna ugomvi hapo. Methali hizo zinamkemea anayekaa kitako, na kamba ya kisimani haikai kitako. Subira ya Kikristo ina jasho. Mkulima anayengoja mvua amekwisha kulima, na mbegu ameziandaa. Anayesema anamngoja Bwana huku hasomi, hafanyi kazi wala hasali, huyo hangoji, amelala.

Upande wa pili wapo wanaoahidi muujiza wa papo hapo: toa sadaka leo, kesho utakuwa tajiri, wekewa mikono jioni hii, uamke mtu aliyekomaa. Mungu hutenda miujiza, na msamaha wake hutolewa mara moja; mwizi aliyesulubiwa karibu na Yesu aliupata siku ileile. Lakini kusamehewa ni mlango, na kukomaa ni safari. Hata kukomaa huko si jambo la kujivunia. Paulo aliwakumbusha Wakorintho kwamba yeye alipanda na Apolo akatia maji, lakini aliyekuza ni Mungu. Sisi tunapewa uaminifu wa kila siku. Matokeo yako mikononi mwake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, chagua jambo moja jema unaloweza kulifanya kila siku mahali ulipo: sura moja ya Biblia kabla ya kutoka nyumbani, akiba ndogo kwa ajili ya ada ya mtoto, kumtembelea mgonjwa wa jirani, saa moja ya kujifunza ufundi unaoutamani. Usilipime baada ya wiki, wala usikate tamaa kwa kuwa hakuna anayekusifu. Ukiikosa siku moja, rudi siku inayofuata, tena palepale. Mwombe Mungu nguvu za leo tu, na kesho umwombe tena.