Ukisikia Upepo kwenye Simu



Jumapili iliyopita, baada ya ibada ya pili, kijana mmoja wa steji ya bodaboda hapa nje ya kanisa alinisubiri kando ya pikipiki yangu. Alikuwa ameshika helmeti yake, na ndani, pale penye sikio, alikuwa ameweka hedseti isiyo na waya. Akaniuliza: "Pasta, ni dhambi kuongea na hii nikiwa nimebeba abiria? Simu sijashika. Mikono yote iko kwa usukani. Na sijawahi kuanguka hata siku moja."

Nilitaka kumjibu haraka, lakini nikaona macho yake yameangukia helmeti yangu. Ndani ya yangu pia kuna hedseti, tena ya bei kuliko yake. Nikamwambia, "Nipe wiki moja." Hili ndilo jibu langu. Ninaliandika hapa ili tulisome wote, kwa sababu swali lake halihusu bodaboda peke yake. Anauliza hivi: kama hakuna aliyeumia, kosa liko wapi?

Kwanza tumtendee haki. Huyu kijana hapigi simu za udaku. Wateja wake wanampigia, na asipopokea, wanampigia mwingine. Zamani alikuwa anaibana simu kati ya shavu na helmeti, au anaendesha kwa mkono mmoja. Kwa hivyo aliponunua hedseti, yeye aliona amechagua usalama. Nami namwelewa. Kusikia sauti ikikuambia upinde kushoto ni afadhali kuliko kuinama kusoma ramani kwenye simu.

Lakini shida haiko mikononi. Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu ana hatari ya kupata ajali karibu mara nne ya yule asiyetumia, na kwamba simu isiyoshikwa kwa mkono haina usalama mkubwa kuliko ile inayoshikwa. Kwa nini? Kwa sababu macho yanaweza kutazama barabara huku moyo uko nyumbani kwa anayekupigia. Ukienda kilomita 60 kwa saa, kila sekunde unapita zaidi ya mita 16. Moyo ukiondoka sekunde tatu, umeshapita mita 50, nusu ya uwanja wa mpira, na pikipiki haina mtu.

Mwingine atasema, "Mbona hata abiria ananiongelesha?" Ni kweli, lakini abiria anaona barabara. Lori likitokea mbele, yeye mwenyewe ananyamaza. Anayepiga simu haoni lori. Ataendelea kuuliza bei ya nyanya hata wakati ule unaohitaji kila kitu ulicho nacho.

Nilipokuwa nikisomea biashara, tulifundishwa kuuliza swali moja kabla ya kuweka pesa mahali: faida ni ya nani, na hasara itabebwa na nani? Mtu akipata faida kwa hasara ambayo mwingine ataibeba bila kuulizwa, hiyo si biashara, ni wizi wa pole pole. Bodaboda akipokea simu, mteja mpya ni wake. Lakini shingo iliyowekwa rehani ni ya mama aliyeketi nyuma, na hakuna aliyemuuliza kama anakubali.

Sasa niseme yangu, maana singekuwa na haki ya kuandika haya bila kukiri.

Mwaka jana nilikuwa nikitoka Free Area kwenda Lanet jioni, kwa ile barabara kuu ya Nakuru na Nairobi, nimembeba shemasi wetu mmoja. Simu ikaingia kwenye helmeti. Alikuwa mama mmoja wa kanisa. Nikapokea kwa bidii ya utumishi, nikamwambia, "Ongea mama, nakusikia." Akaongea. Hapo hapo trela likaanza kutupita, upepo wake ukatuyumbisha, na shemasi akanishika bega kwa nguvu. Trela lilipomaliza kupita nikasikia kimya upande wa pili. Nikajua ni zamu yangu. Nikasema, "Amina mama. Tumshukuru Mungu kwa yote."

Kesho yake alikuja ofisini. Hakuwa na hasira. Aliniuliza tu, "Pasta, jana ulisikia nilichokuambia?" Alikuwa ameniambia kwamba kijana wake hajarudi nyumbani siku tatu. Na mimi nikamwambia tumshukuru Mungu.

Mtoto alirudi siku ya tano, na si kwa sababu yangu. Barabarani pia hatukuanguka. Ukihesabu kwa macho ya kibinadamu, hakuna kilichoharibika. Lakini jioni ile niliwaibia watu wawili kwa wakati mmoja. Shemasi alinikabidhi uhai wake, nikampa nusu ya akili. Yule mama alinikabidhi uchungu wake, nikampa nusu nyingine. Hakuna aliyepata mchungaji.

Ndiyo maana namwambia kijana wangu wa steji: kutoanguka si ushahidi kwamba hukukosa. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, Mungu anamwagiza anayejenga nyumba mpya aweke ukingo juu ya dari, ili mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Angalia vizuri: amri inatolewa kabla mtu yeyote hajaanguka. Asiyejenga ukingo amekosa tangu siku alipohamia, hata kama wageni wake wote walishuka salama kwa ngazi. Wakishuka salama, hiyo ni neema. Tusiigeuze neema kuwa cheti cha uendeshaji bora.

Na tena Kutoka 21 inatofautisha wenye ng'ombe wawili. Ng'ombe akiua mtu ghafla, mwenyewe hana hatia. Lakini kama alikuwa na tabia ya kupiga pembe, na mwenyewe alikuwa ameonywa lakini hakumfungia, hatia ni yake. Anayejua ana deni kuliko asiyejua. Mimi niliposhikwa bega na shemasi, nilionywa. Wewe unayesoma sasa pia umeonywa.

Basi utumishi ufanyeje, simu zikiingia? Nimejifunza kwa Bwana Yesu katika Marko 10. Alikuwa safarini, umati umemzunguka, kipofu Bartimayo akapaza sauti kando ya njia. Yesu hakumjibu huku akitembea. Alisimama. Kisha akaagiza aitwe, akamuuliza anataka nini, akasikia jibu. Siku hizi simu ikiingia nikiwa barabarani naiacha. Nikifika kituo cha mafuta au mahali pana pa kusimama, naegesha, navua helmeti, napiga. Imenigharimu: nimechelewa mikutano, na kuna wapendwa wamelalamika kwamba Pasta siku hizi hapokei. Kwa kijana wa steji gharama ni kubwa zaidi, ni wateja hasa, na sitaki kulisema hilo kirahisi kana kwamba mimi ndiye nitakayekosa unga.

Kwa hiyo neno langu la mwisho si kwa waendeshaji. Ni kwetu sisi tunaowapigia. Huyu kijana hawezi kubeba mzigo huu peke yake ikiwa sisi tutamwacha na kumpigia mwingine kwa sababu alichelewa dakika nne. Ukimpigia bodaboda, ukimpigia mume wako, ukimpigia Pasta, na ukasikia upepo kwenye simu, ujue yuko barabarani, na pengine kuna mtu nyuma yake. Usianze habari. Mwambie, "Ukisimama nipigie," ukate.

Kijana wangu, jibu ni ndiyo, ni kosa, lakini si lako peke yako. Nami nimelitubu langu kwanza.

Mungu awabariki. Tuonane katika ibada ya katikati ya wiki.