Mazoea Hayastaafu

Msomaji, wewe bado kijana, na huenda ukadhani kustaafu ni habari ya wazee. Nivumilie kidogo, kwa maana matumizi ya uzeeni hupandwa ujanani.

Nchini Kenya mtumishi wa serikali alikuwa akistaafu akitimiza miaka 55. Tangu mwaka 2009, umri huo kwa kawaida ni miaka 60. Siku hiyo mshahara hukoma, na pensheni, iliyo ndogo kuliko mshahara, hushika mahali pake. Gharama nazo hugeuka. Nauli ya kila asubuhi hukoma; kodi ya nyumba ya mjini humwondokea aliyejenga kwao; mboga na mahindi hutoka shambani. Lakini dawa na matibabu huongezeka, kwani mwili nao umechoka.

Hesabu ya mahitaji ni rahisi. Hesabu ngumu ni ya mazoea. Namjua mwalimu mmoja aliyepokea kiinua mgongo akaendelea kuishi kama jana. Hapakuwa na harambee iliyompita, wala jamaa aliyetoka kwake mikono mitupu. Baada ya miaka miwili fedha zilikwisha, akawa anakopa ili aendelee kutoa.

Je, huo ulikuwa ukarimu? Mimi naona ulikuwa hofu. Aliogopa kuonekana amepungua, kana kwamba heshima yake ilikaa mfukoni. Mkarimu hutoa alicho nacho. Atoaye asicho nacho hununua sifa kwa deni, na deni hilo huwaangukia watoto wake. Siku alipokiri mbele ya jamaa kwamba hana kitu, hawakumkimbia. Walimwomba awafundishe watoto wao hesabu jioni, na baraza yake ikajaa watu kuliko zamani. Kumbe alikuwa na mali ambayo haikupungua kwa kutolewa.

Mimi hukatwa asilimia 7.5 ya mshahara wangu wa msingi kila mwezi kwa ajili ya siku hiyo, na serikali huongeza asilimia 15. Fedha zina wa kuzitunza. Mazoea hayana mtunzaji ila mwenyewe. Basi jizoeze sasa, ungali na shilingi chache, kupambanua haja na tamaa, na kusema "sina" bila ya haya. Akiba haiozi, wahenga walisema. Nami nasema, iliyo bora kuliko zote ni moyo ambao haubadiliki mfuko unapopungua.