Soli ya Ndala, Mzigo wa Bibi

Dada wa Nshambya, usiitupe hiyo ndala iliyokatika. Soli yake ni kibao tosha cha kuchapia picha. Tafuta wembe, rangi ya mafuta, karatasi na kijiko cha kusugulia kwa mgongo wake. Umemaliza maandalizi. Sasa utachonga nini?

Usichonge twiga, twiga wameuzwa vya kutosha. Mchonge bibi yako akitoka rweya, kule kwenye uwanda wa nyasi, na mzigo wa nyasi kichwani, nyasi za kutandaza chini ya migomba. Mkungu ukinona tunamsifu mwenye kibanja. Nyasi zilizoulisha huo mgomba nani anaziulizia? Njugumawe alizilima hukohuko rweya. Buni alizichuma, akazianika, akakimbia kuzianua wingu lilipotanda. Siku ya mizani, jina lililoingia daftarini kwa kawaida halikuwa lake.

Wala ardhi haikuwa yake. Mila ya Kihaya ilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, lakini asiiuze. Mwanamke mmoja, Holaria Pastory, aliiuza ile aliyoachiwa na baba yake kwa wosia. Ndugu wa ukoo akaenda kortini, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kuwa ubaguzi huo unapingana na Katiba. Mwanamke wa huku huku kwetu! Hukumu yake wanaisoma wanasheria. Wewe mchonge, watoto wamwone.

Unaona kazi hizi ni za kawaida mno kuwa sanaa? Elizabeth Catlett, Mmarekani mweusi ambaye bibi na babu zake walipitia utumwa, mwaka 1946 na 1947 alikuwa Mexico akichonga picha 15 za wanawake weusi. Wanawake gani? Mwenye ufagio katika nyumba ya watu, mwenye jembe shambani. Alichonga kwenye linoliamu, kitu cha kutandika sakafuni. Soli yako haina sababu ya kuona haya.

Utakachochimba kitabaki cheupe. Utakachokiacha ndicho kitakachoshika rangi. Na picha hutoka imegeuka: jembe la kulia linahamia kushoto, herufi huchongwa kinyumenyume. Utakosea. Ndiyo maana ndala zina mguu wa pili.

Jioni hii nenda kwa bibi. Usimwombe historia, atakwambia hana. Mwulize alikuwa akiamka saa ngapi, mzigo aliufunga vipi, nani alimtwisha. Mikono yake itaanza kuonyesha kabla mdomo haujajibu. Chora hapo hapo, hata kwa mkaa.

Kisha chapa nakala kumi. Moja ibaki ukutani kwake, tisa wagawiwe wajukuu. Chini ya kila moja andika jina lake kwa penseli: si mama fulani, si mke wa fulani, bali jina alilopewa siku alipozaliwa. Kama hulijui, hilo ndilo swali la kwanza.