Fyuzi Hulinda Waya: Funzo la Swissair kwa Wanaofunga Muziki Garini

Hapa Nyegezi, kando ya Ziwa Victoria, muziki wa gari ni sehemu ya biashara. Konda wa Hiace anajua kwamba wanafunzi wanaosubiri usafiri wa kwenda mjini husikiliza besi kwanza ndipo watazame nafasi ya kukaa. Kwa hiyo kijana akinunua gari, hata kabla ya kubadilisha matairi, anatafuta amplifaya na sabufa ya kuweka kwenye buti. Sina ugomvi na muziki, napenda besi kama wengine. Kinachonitia wasiwasi ni ule waya mmoja unaotoka kwenye betri, ukapita chini ya zulia hadi nyuma, na ambao wengi wetu hatuuulizi swali lolote maadamu redio inalia.

Nina kisa cha kweli cha kuwaeleza. Kilitokea mbali na hapa, tena kwenye chombo kikubwa kuliko Hiace, lakini kinatuhusu.

Jioni ya tarehe 2 Septemba 1998 ndege ya Swissair, safari namba 111, iliondoka New York kwenda Geneva ikiwa na watu 229. Ilikuwa ndege aina ya MD-11. Ndani yake kulikuwa na mfumo wa burudani ambao haukutoka kiwandani pamoja na ndege; ulifungwa baadaye ili abiria wa madaraja ya juu watazame filamu, wacheze michezo na hata kamari wakiwa angani. Mafundi waliupa umeme kutoka kwenye njia kubwa ya umeme ya ndege, juu zaidi ya swichi ambayo rubani huitumia kukata umeme wa sehemu ya abiria. Maana yake ni kwamba rubani angeweza kuzima swichi hiyo, akaamini amekata kila kitu huko nyuma, kumbe burudani bado inakula umeme.

Dakika 53 hivi baada ya kuruka, marubani walisikia harufu isiyo ya kawaida. Walidhani ni kiyoyozi. Dakika chache baadaye wakaona moshi, wakageuza kuelekea Halifax, Kanada, ili watue. Tangu harufu ya kwanza hadi ndege kupiga maji ya Atlantiki zilipita dakika 21 tu. Hakuna aliyepona.

Uchunguzi wa Kanada ulichukua zaidi ya miaka minne, na ripoti ikatoka Machi 2003. Wachunguzi walikusanya mabaki kutoka chini ya bahari, na miongoni mwake wakapata kipande cha waya wa ule mfumo wa burudani, shaba yake imeyeyuka kwa cheche kisha ikaganda. Hawakuweza kuthibitisha kwamba cheche ya kwanza kabisa ilitoka hapo hapo. Walichosema ni kwamba moto huenda ulianza kwa cheche ya waya, juu ya dari, ukashika kitambaa cha kuzuia joto na kelele ambacho kiliwaka kwa urahisi. Sakiti breka hazikutosha kuzuia hilo. Zilitengenezwa kukata mkondo mkubwa unaodumu, na cheche za kukatikakatika zinaweza kupita bila breka kushtuka.

Dalili zilikuwepo mapema. Tangu mwaka 1993 kulikuwa na matukio ya kitambaa cha aina hiyo kushika moto kwenye ndege nyingine. Mwaka 1997 mtengenezaji wa ndege alishauri mashirika yakiondoe. Ulikuwa ushauri, haukuwa amri, na ndege zikaendelea kuruka nacho. Hao ni watu wenye wahandisi, wakaguzi na vitabu vya taratibu kwa kila skrubu. Kama wao walipitiwa, mimi na wewe tunaofunga muziki kwa fundi wa barabarani, jua likiwa linazama na mteja akiwa na haraka, tusijione tuko salama.

Kwa sababu gari lenye amplifaya linafanana na ndege ile kwa jambo moja la msingi: waya wake unatoka moja kwa moja kwenye chanzo. Vifaa vingine vingi vya gari hupita kwenye boksi la fyuzi lililotoka kiwandani. Waya wa amplifaya hauko hivyo. Unazima gari, unachomoa ufunguo, unaingia ndani kulala, na waya ule bado una umeme wote wa betri usiku kucha.

Hapa ndipo kosa kubwa lilipo. Utasikia fundi akisema, "Usijali, amplifaya ina fyuzi zake." Ni kweli inazo, lakini ziko mwisho wa waya, kwenye buti. Fikiria waya umepitishwa kwenye tundu la bati linalotenga injini na abiria, bila mpira wa kuulinda. Kila mara gari likipita kwenye makorongo ya barabara za ndani, bati linaukwaruza. Siku ganda likiisha, shaba inagusa bodi. Umeme unatoka betri, unaingia kwenye bodi, unarudi betri, wala haufiki kwenye buti. Zile fyuzi za amplifaya hazina habari. Betri ya gari ikipigwa shoti inaweza kumwaga mamia ya ampea, na waya utawaka kabla betri haijachoka. Ndiyo maana fyuzi kuu hukaa karibu na betri, isizidi sentimita 45 kutoka kwenye kichwa chake, na ikiwa karibu zaidi ni bora. Kazi yake ni kulinda waya.

Kosa la pili linatokana na kudharau volti 12. Watu husema umeme wa gari hauna nguvu, hata ukiushika haukurushi. Hesabu inasema vingine. Pasi ya wati 1000 nyumbani, kwenye volti 230, inavuta ampea 4 na ushee. Wati hizo hizo kwenye volti 12 ni zaidi ya ampea 80, na kinachochemsha waya ni ampea.

Kwa hiyo usichague waya kwa kusoma namba iliyoandikwa kwenye boksi la amplifaya. "Wati 3000" ni maneno ya muuzaji. Tazama fyuzi zilizochomekwa ubavuni mwa amplifaya yenyewe. Ukikuta mbili za ampea 30, jumla ni 60, na hicho ndicho kiwango unachotakiwa kukiandalia njia. Sasa chukua waya wa milimita 2.5 (za mraba), ule wa soketi za nyumbani, ambao nao hufungwa kwenye magari kwa sababu ni rahisi kupatikana. Kwa urefu wa mita 5, ampea 60 zikipita, waya huo peke yake unakula zaidi ya volti 2 na kutoa joto la wati 126 chini ya zulia. Waya wa milimita 16 wa shaba, kwa urefu huo huo, unatoa wati 20 hivi. Kwa amplifaya ya kiwango hicho mimi ningechukua waya usiopungua milimita 16, au ule unaouzwa kama geji 4, ambao ni milimita 21 hivi, pamoja na fyuzi ya ampea 60. Waya wa kurudi kwenye bodi uwe na unene ule ule, ufungwe kwenye chuma kilichokwaruzwa rangi.

Unene wa nje nao unadanganya. Kuna waya wenye ganda nene kama kidole, ukiukata unakuta nyuzi chache katikati. Omba kipande, kwaruza uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, na inapitisha umeme pungufu kwa karibu theluthi moja. Unaweza kuutumia, lakini panda saizi moja juu na ushushe fyuzi ilingane nao. Ukiulipia kwa bei ya shaba, umeibiwa.

Nirudi kwenye dalili, maana ndizo zinazoniuma. Taa za mbele zikififia kila besi inapopiga, huo si ufundi wa muziki, umeme unapungua njiani au betri na alteneta vimezidiwa. Ukishika waya baada ya safari ukakuta una joto, ni mwembamba kwa kazi yake. Fyuzi ikikata mara mbili, inakuambia kuna kitu, na jibu sahihi ni kufuata waya wote kwa mkono tangu betri hadi buti kutafuta palipochubuka. Jibu tunalolipenda ni jingine: kuweka fyuzi ya ampea 100 mahali pa 60, au kuviringisha karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara kwenye fyuzi iliyoungua. Aliyefanya hivyo ameondoa mlinzi na kubaki na mlango wazi, huku kwenye Hiace nyuma yake wameketi watoto wa watu.

Na kwa kuwa hata fyuzi nzuri inaweza isikate cheche ndogo zinazokuja na kupotea, waya wenyewe ulindwe. Upite kwenye mpira kila unapotoboa bati, uvikwe bomba la plastiki sehemu ya injini, ufungwe usicheze, ukae mbali na bomba la moshi na reli za viti. Mwambie fundi unataka kuona kabla hajarudisha zulia. Fundi mzuri hataudhika.

Tena angalia karatasi ya bima. Wengi wetu tuna bima ya mtu wa tatu tu, na hiyo hailipi gari lako likiungua.

Ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, usiongeze mwendo ili ufike stendi kwanza, wala usijiambie ni gari la mbele. Simama pembeni, zima, teremsha watu wote na wakae mbali. Kama hakuna moto bado, chomoa kichwa cha betri. Kama moto umeanza, usiinue boneti, maana utauongezea hewa. Piga 114, Zimamoto na Uokoaji, na liache gari.